Mvua ya Wodi ya Wazazi

Barabara ya lami inayoshuka kutoka mlimani ina urefu wa kilomita thelathini hivi, na anayeshuka nayo hana haja ya kuuliza mvua ya mahali. Atazame tu wanawake wa pembeni wameketi na nini. Juu kabisa, penye ukungu, wanauza viazi na kabichi kubwa kama ngoma. Chini kidogo ni ndizi na maharage. Halafu mahindi. Kisha, pale barabara inaponyooka na joto kumpiga mtu usoni kama amefunua sufuria, mahindi yanakwisha, vinaanza vichungu vya mtama, kunde na alizeti. Hakuna aliyewapangia. Mvua ndiyo iliyomgawia kila mmoja fungu lake, nao wakalizoea.

Bwana Milimita aliishi pale penye mtama.

Hilo silo jina alilopewa na wazazi wake, lakini lile la wazazi lilikuwa limebaki kwenye kadi ya kliniki na kwa mkewe akikasirika. Alikuwa mtunza bustani wa zahanati. Alifyeka majani, akamwagilia maua machache yaliyokubali kuishi, akafunga geti jioni. Siku moja, yeye akiwa na miaka thelathini, alikuja mtu wa idara ya hali ya hewa na mkebe wa bati wenye faneli juu na chupa ndani. Alichagua mahali peupe mbele ya wodi ya wazazi, akausimika, akauliza: "Hapa ni nani ambaye hakosekani?" Wote wakamtazama mtunza bustani, wengine wakicheka, maana walidhani ni adhabu.

Alifundishwa siku mbili. Kila asubuhi, saa tatu kamili, atoe chupa, amimine maji kwenye bilauri ya kupimia, ainame mpaka jicho lilingane na maji, asome, aandike. Ikiwa hakuna maji, aandike sifuri.

"Sifuri nayo ni kazi," yule mtu alimwambia.

Neno hilo alirudi nalo nyumbani kama wengine wanavyorudi na sabuni. Kwa miaka ishirini na miwili hakuruka siku. Siku ya mazishi ya mama yake alipima kwanza, akaenda kuzika akiwa na kalamu mfukoni. Bilauri aliitunza ndani ya soksi ya sufu ya mtoto, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika, hata mwenye soksi.

"Angekuwa anapima chumvi hivyo," mkewe alikuwa akisema, "mimi ningeshapumzika kupika."

Watu walimzoea. Akipita na baiskeli yake walimuuliza, "Leo ngapi?" naye hakujibu "nyingi" wala "kidogo". Alijibu, "Kumi na mbili nukta nne." Jina likatoka hapo. Na kwa kuwa hakuwahi kuongeza wala kupunguza, ugomvi wowote wa mvua uliishia kwake. Akisema Milimita, imekwisha.

Mkebe ule aliuzungushia wigo wa waya, hatua nne kwa nne, na wigo huo ndio uliomfanya mkali. Mtu aliyetundika hata kitambaa cha jasho pale alipata maneno ya wiki nzima. Mara moja alimfokea mgonjwa aliyeegemea nguzo mpaka mgonjwa akapona ghafla akaenda zake. Basi wanawake wa wodini wakaambiana, aliye ndani akimwambia anayeingia: pale kwenye waya, mzee yule asikuone.

Miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia, zahanati ilipata tenki jeusi la plastiki la kukinga maji ya paa. Mkutano wa kuamua pa kuliweka ulikuwa na watu kumi na mmoja, wote wanaume, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufua nepi. Wakaliweka nyuma ya wodi ya wazazi, mahali zilipokuwa nguzo mbili za kuanikia nguo. Nguzo ziling'olewa. Pa kuanikia pengine hapakutajwa.

Mwaka huohuo manyunyu yakaanza.

Mvua ya pale ilijulikana kwa tabia yake. Inaingia mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili, inapiga siku tisini, mwisho wa mwezi wa tatu inafunga mlango bila kuaga. Ndiyo maana watu walipanda mtama mfupi na kunde: vitu vinavyokula haraka na kuondoka mezani. Lakini sasa Bwana Milimita alifungua chupa mwezi wa nne, mbingu nyeupe kama sahani, akakuta maji. Milimita mbili. Kesho yake sifuri. Keshokutwa tatu na nusu. Mwezi wa tano pia. Alipapasa udongo chini ya mkebe, akaukuta na unyevu. Akaandika: manyunyu ya usiku.

"Jana usiku imenyesha," alimwambia mkewe.

"Wapi?"

"Zahanati."

"Zahanati si hapo tu? Mbona vumbi langu liko palepale nilipoliacha?"

"Mvua hubagua, mama. Inaweza kulowesha pembe moja ya ng'ombe ikaacha nyingine."

"Hiyo mvua yako naisikia kama habari za redio," mkewe akasema, akaendelea kupepeta. "Kwangu haijafika."

Naye hakusema uongo kuhusu kubagua. Mvua hubagua kweli, kila mkulima anajua. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa.

Bwana shamba wa pale alikuwa kijana mwenye pikipiki, mpole, aliyependa kazi yake. Alichukua madaftari ya Milimita, akachora mstari kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani. Mstari ulipanda. Msimu uliokuwa siku tisini ulikuwa umefika mia na thelathini.

"Wazee wangu," aliwaambia watu, "mabadiliko ya tabianchi si lazima yaje na njaa. Wengine yanawaletea mvua. Sisi tumepata bahati. Tupande mahindi ya miezi mitano, gunzi kama mkono wa mtu."

Msimu uliopita wachache walijaribu. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Bwana Milimita, mtu mwenye watoto wanne na shamba moja. Mahindi yake yalirefuka mpaka yakaficha nyumba, yakatoa mbelewele, kisha yakasubiri mvua ya mwezi wa nne. Mwezi wa nne ardhi ilipasuka. Alivuna mabua, na magunzi yenye punje mbili tatu kama meno ya kibogoyo. Bwana shamba alimwambia amechelewa kupanda. Mdogo mtu akaenda kwa kaka yake, watoto wake wakimfuata nyuma.

"Kaka, shambani kwangu haikunyesha."

"Ilinyesha. Siku kumi na tisa. Daftari halina sababu ya kukuonea wivu."

Mdogo mtu akawashika watoto mkono, akarudi nao nyumbani. Tangu hapo watoto wake walikula mara moja kwa siku, na muhogo wenyewe ulitoka kwa wakweze.

Sasa ulikuwa umefika mwisho wa mwezi wa tano. Baada ya siku nane kungekuwa na mkutano wa mbegu, kata nzima iandikwe mahindi marefu. Mbegu za mtama zisingeletwa tena, maana mstari ulikuwa umepanda. Mke wa Bwana Milimita alichukua debe moja la mtama wa mbegu, akaliweka juu ya kenchi za jiko kwenye moshi, hakumwambia mtu.

Ndipo binti yao akashikwa na uchungu.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, mjukuu wao wa kwanza. Mkewe akalala naye wodini. Bwana Milimita alipewa kazi moja: uji ufike kabla jua halijatoka, maana mzazi huamka na njaa ya watu watatu. Akaukoroga mwenyewe, ukapata madonge, akaumimina kwenye chupa ya chai na kupanda baiskeli. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifika zahanati saa mbili na nusu. Siku hiyo alifika saa kumi na mbili, kukiwa na mwanga wa kutosha kuona rangi.

Aliona kanga ya rangi ya machungwa.

Kamba ilikuwa imefungwa kutoka nguzo moja ya wigo hadi nguzo ya pembe ya mkabala, ikapita katikati kabisa. Juu yake kulikuwa na kanga, nepi sita, na kiblanketi kidogo ambacho yeye mwenyewe alikinunua juzi. Pindo la kanga lilining'inia juu ya faneli. Tone likajikusanya, likavimba, likaanguka. Tuk. Jingine likaanza kujikusanya.

Alisimama na chupa ya uji mkononi. Mlango wa wodi ukafunguliwa, mkewe akatoka na beseni.

"Ee, umewahi! Usipige kelele, mtoto ndiyo kwanza amelala."

"Nani amekufundisha kuanika hapa?"

"Wenyeji. Wamesema ni usiku tu, na kabla ya saa mbili tuwe tumeanua, kuna mzee mkali." Alianza kukunja nepi. "Nikawaambia huyo namjua, nalala naye."

Hakucheka. Mkewe akafuata macho yake: pindo, tone, faneli. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa. Beseni likashuka taratibu mpaka chini.

"Miaka mitatu?" akauliza.

"Tangu tenki."

Saa tatu kamili alipima, kwa kuwa ilikuwa saa tatu kamili. Tatu nukta mbili. Akashika kalamu juu ya daftari, na kwa mara ya kwanza hakujua aandike nini.

Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa pale miaka mingi. Bwana Milimita aliingia chumbani kwake na madaftari matatu kwapani.

"Sista, kile kitabu chako cha wazazi kina tarehe?"

"Kina kila kitu. Lakini majina siwezi kukuonyesha."

"Sitaki majina. Nisomee tarehe tu, za mwezi wa nne na wa tano."

Muuguzi akafunika safu ya majina kwa kiganja, akaanza kusoma. Yeye akafuata kwa kidole kwenye daftari lake.

"Tarehe sita, mmoja."

"Milimita mbili."

"Tarehe nane, wawili."

"Tatu na nusu."

"Kumi na nne, mapacha."

"Sita nukta moja."

Muuguzi akanyanyua uso. Akatazama dirishani kwenye wigo, akatazama daftari, akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yalianza kutikisika.

"Cheka tu," Bwana Milimita akamwambia. "Halafu tuendelee."

Waliendelea mpaka saa sita. Katika miaka mitatu alikuwa ameandika manyunyu siku sitini na nne. Siku sitini na moja wodi ilikuwa na mzazi. Ukiacha zile tatu, siku zisizo na mzazi hazikuwa na manyunyu. Na kufikia mwezi wa sita tenki lilikauka, nguo zikaenda kufuliwa kisimani, na manyunyu yakakoma yote. Ndiyo maana ilionekana kama msimu umerefuka. Maji ya paa yalikuwa yanageuka mvua mara ya pili.

"Wanasema maji yakimwagika hayazoleki," muuguzi akasema akifuta macho. "Ya kwako yamezolewa, yakapimwa, yakaandikwa na wino."

Bwana Milimita akafunga madaftari.

"Na bado siku saba kata nzima iandikwe mahindi."

Muuguzi hakucheka tena. "Mficha uchi hazai, mzee. Hilo naliona hapa ndani kila siku."

Alikwenda kwanza kwa bwana shamba. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti viwili, feni isiyozunguka, na ule mstari ukutani. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akafunga mlango, ingawa nje hapakuwa na mtu.

"Mzee wangu, ripoti imeshakwenda wilayani. Nimepongezwa."

"Hongera."

"Unataka niwaandikie kwamba mvua yetu ilikuwa maji ya nepi?"

"Sitaki uandike wewe. Nitasema mimi, mkutanoni."

"Watakucheka mpaka uzikwe. Na ile miaka mingine? Wataamini nini katika miaka ishirini na miwili? Watasema yote ni nepi."

"Hilo nimeshalipima," Bwana Milimita alisema.

Lakini hakuwa amelimaliza kulipima. Siku zile saba alikula kidogo. Jioni alifungua madaftari ya zamani, ya kabla ya tenki, akayapitia kama mtu anayekagua meno ya mtoto, akitafuta yaliyooza. Hakuona. Hata hivyo aliwaza: nani atamwamini? Angeweza kunyamaza. Kamba ingehamishwa kimyakimya, mwakani manyunyu yangekoma, na watu wangesema mvua imerudi ilikotoka. Mvua haina mdomo wa kukanusha. Alimwambia mkewe wazo hilo, si kwa kulitaka, bali kulisikia linavyolia.

Mkewe alikuwa anachambua kunde. "Na mabua ya mwakani atayala nani?"

Akatupa kunde mbovu kando, akaongeza, "Nina debe moja juu ya moshi. Linatutosha sisi na mdogo wako. Haliwezi kuitosha kata."

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Bwana shamba alifungua kikao, akasema kabla ya kuandikishana mzee ana neno, akaketi pembeni akitazama viatu vyake.

Bwana Milimita alisimama mbele ya ubao. Hakufanya utangulizi. Alisoma tarehe na kiasi, tarehe na kiasi, na baada ya kila moja akasema: maji ya kufulia. Mara ya kwanza watu hawakuelewa. Mara ya nne mwanamke mmoja aliyezaa mwaka uliotangulia akapiga ukelele, "Hiyo ni yangu! Tarehe hiyo nilikuwepo!" Darasa likaanguka. Watu walicheka mpaka dawati moja likavunjika mguu.

"Kumbe mwanangu ameleta mvua!"

"Mapacha je? Mapacha walileta mafuriko?"

Aliendelea kusoma. Alizisoma zote sitini na moja, kwa sauti ileile. Ilipofika ya arobaini, kicheko kilikuwa kimepungua. Ya hamsini, watu walikuwa wanahesabu naye kimya kimya, maana wameanza kuona ni siku ngapi.

Mdogo wake aliinuka nyuma.

"Kwa hiyo mabua yangu yalinyeshewa mkojo wa watoto."

"Nepi zilikuwa zimeshasuuzwa," muuguzi alisema kutoka mlangoni, na wachache wakacheka.

Mdogo mtu hakucheka. "Nilikuja kwako. Nikakwambia shambani kwangu haikunyesha. Ukaniambia nini?"

"Nilikwambia daftari halina sababu ya kukuonea wivu."

"Mbele ya watoto wangu."

"Mbele ya watoto wako. Nilikosea."

Mdogo mtu alibaki amesimama kidogo, kama anayetafuta neno kubwa zaidi, asilipate, akaketi. "Basi andikeni mtama," akasema.

Bwana shamba aliinuka. Alitoa mfukoni ule mstari, alioubandua ukutani asubuhi ile na kuukunja mara nne, akauweka mezani. Alichukua chaki akagawa ubao. Wa bondeni, ambako maji huchelewa kuondoka, waandikwe mahindi mafupi wakipenda. Wa mteremkoni, mtama wa siku tisini na kunde kati ya mistari. Mahindi ya miezi mitano aliyaacha bila jina hata moja. Uandikishaji ulichukua mpaka alasiri. Kule wilayani kijana hakupongezwa tena, wala hakufukuzwa. Aliambiwa tu aandike upya.

Bwana Milimita naye aliandika upya. Hakuchana ukurasa. Alichukua rula na wino mwekundu, akapiga mstari mmoja juu ya kila namba, isomeke bado, na pembeni akaandika: maji ya kufulia. Siku tatu ambazo hazikuwa na mzazi aliziacha, huenda zilikuwa mvua kweli. Alipeleka nakala idara ya hali ya hewa na barua ya ukurasa mmoja. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: Tumepokea.

Kisha akakata miti miwili ya mkaratusi, akaichimbia mbali, upande wa jikoni penye jua la asubuhi, akakaza waya mpaka ukalia. Wanawake wa wodini walitoka kumtazama. Mmoja alimuuliza kama hapo napo kuna saa za kuanua.

"Hapo anikeni mpaka ziungue," akasema.

Waliomwita Bwana Nepi walimwita hivyo msimu mzima. Alipopita na baiskeli walimuuliza, "Leo wamezaliwa wangapi?" naye akajibu namba aliyoisoma, yenye nukta. Mtama ulipandwa, ndege wakala sehemu yao, mvua ikafunga mlango mwisho wa mwezi wa tatu kama ilivyozoea. Mdogo wake alivuna magunia matano. Alileta debe moja la mbegu kwa shemeji yake, akaliweka kizingitini, akanywa maji, akaondoka. Na kaka yake alisalimiana naye kwa kichwa.

Mwezi wa nne, tarehe kumi na moja, Bwana Milimita alifungua chupa akakuta maji. Mbili nukta nane. Aliinama, akasoma tena. Mbingu ilikuwa nyeupe. Aligeuka akatazama waya wa nguo kule jikoni, mbali, nepi zimenyooka. Akatazama juu ya mkebe, hapakuwa na kitu. Kalamu ikasita.

Akaenda kwenye dirisha la wodi, akagonga kioo kwa ukucha. Ndani kulikuwa na msichana mmoja amekaa kitandani, mtoto kifuani, macho mekundu kwa kukesha.

"Samahani, mwanangu. Usiku ulisikia kitu juu ya bati?"

Msichana akafikiri. "Ilinyesha, baba. Kidogo. Alikuwa ananyonya mara ya pili, nikahesabu mpaka ikaisha, maana nilikuwa sina la kufanya."

"Ulihesabu mpaka ngapi?"

"Mia tatu na kitu."

Akamshukuru. Akarudi kwenye wigo wake, akafungua daftari juu ya goti, akaandika mbili nukta nane. Na pembeni, mahali ambapo zamani hakuwahi kuandika kitu, akaongeza kwa herufi ndogo: imesikiwa wodini.